Waliolitumia neno "egregious" kwa sifa hawakukosea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nipate kuchangia, na kwa sehemu kuyapinga, maelezo yaliyochapishwa katika ukurasa wako wa lugha kuhusu kivumishi cha Kiingereza "egregious". Mchangiaji wako alieleza kwamba maana ya neno hilo ni "mbaya kupindukia", na kwa Kiingereza cha leo maelezo hayo ni sahihi kabisa. Lakini akaongeza kwamba yeyote aliyewahi kulitumia neno hilo kumsifu mwenzake ama hakujua maana yake, ama alikuwa akimtukana kwa werevu. Hapo ndipo tunapoachana. Neno hilo lilizaliwa likiwa sifa, likadumu kuwa sifa katika Kilatini kwa zaidi ya miaka 1,500, na hata lilipoingia katika Kiingereza liliingia kwa mlango wa sifa. Kuwahukumu waandishi wa zamani kwa maana iliyokuja baadaye ni kuwadhulumu, na anayesoma maandishi ya kale kwa kipimo hicho ataona matusi mahali palipoandikwa heshima.

Tuanze na umbo la neno lenyewe. Katika Kilatini huandikwa "egregius", na limeungwa kwa vipande viwili. Cha kwanza ni "e", ambacho ni umbo fupi la "ex", kiambishi kinachoonyesha kutoka ndani ya kitu na kwenda nje yake. Cha pili ni "grex", ambacho shina lake ni "greg-", nacho maana yake ni kundi: kundi la kondoo, la mbuzi, na kwa upanuzi kundi la watu, kama vile waigizaji wa tamthilia au wafuasi wa mwalimu fulani. Mshairi Horace, alipotaka kumwambia rafiki yake kwamba yeye ni mfuasi wa falsafa ya Epicurus, alijiita nguruwe wa kundi la Epicurus, na neno alilolitumia kwa kundi ni hilo hilo "grex". Basi "egregius" ni yule aliyetoka kundini, au tuseme kwa usahihi zaidi, aliyetengwa na kundi kwa sababu jicho la mchaguzi limemwona kuwa hana mfano miongoni mwa wenzake.

Isidhaniwe kwamba picha hiyo ya mifugo ni pambo la washairi tu. Kilatini kina neno jingine, "eximius", ambalo nalo humaanisha bora au wa pekee, na ambalo limetokana na kitenzi "eximere", yaani kuondoa kitu katika vingine. Macrobius, mwanazuoni aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5, anasisitiza kwamba "eximius" kwa asili halikuwa neno la ushairi hata kidogo, bali lilikuwa neno la makuhani. Anamnukuu mtaalamu wa mambo ya ibada aitwaye Veranius, aliyefundisha kwamba waliitwa hivyo wanyama wa dhabihu walioondolewa kundini na kuwekwa kando kwa ajili ya madhabahu. Dini ya Warumi ilidai mnyama asiye na kasoro, kwa hiyo kabla ya ibada ilibidi mtu aingie katikati ya kundi, atazame rangi, umri, pembe na afya ya kila mmoja, kisha amtoe yule aliyefaa. Tendo hilo la mkono, la kumshika mnyama mmoja na kumvuta nje huku wengine wakibaki, ndilo lililowapa Warumi msamiati wa ubora. Na hapa nasita kidogo, kwa kuwa jambo hili lina uzito: mnyama bora kuliko wote hakutolewa kundini kwa manufaa yake. Alitolewa ili achinjwe. Kiingereza nacho kilikopa neno hilo likawa "eximious", lakini halikupata wasemaji wa kulitunza, na leo ni wachache mno wanaolifahamu.

Ukilishika shina la "greg-" mkononi, maneno mengi ya Kiingereza ambayo wanafunzi huyakariri moja moja hujipanga yenyewe kama ndugu wa nyumba moja. "Congregate" ni kukusanyika kundini pamoja, na ndiko lilikotoka neno la waumini waliokusanyika kwa ibada. "Aggregate" ni kuongeza kitu kundini hadi kiwe jumla. "Gregarious" siku hizi husemwa juu ya mtu mcheshi apendaye kuwa na watu, au mnyama aishiye kwa makundi, lakini katika Kilatini "gregarius" lilimaanisha wa kundini tu, wa kawaida, na "miles gregarius" alikuwa askari wa chini asiye na cheo. Kwa hiyo masikio ya Mrumi yalizisikia "gregarius" na "egregius" zikipingana moja kwa moja: huyu amezama kundini, yule amechomoza. Kisha kuna "segregate", ambalo ni kutenga na kundi, na ambalo jina lake la tendo limebeba historia chungu ya watu kutenganishwa kwa rangi zao. Tazama jinsi "segregate" na "egregious" zinavyosimulia jambo lile lile hasa, la mmoja kuondolewa miongoni mwa wengi, huku neno moja likiwa limeanza safari yake kama heshima na jingine limekuwa jina la udhalimu. Kutoka kundini peke yake hakukusema lolote kuhusu wema au ubaya. Hukumu hiyo iliongezwa na watu, na kwa maoni yangu hilo ndilo ufunguo wa mambo yote yaliyolipata neno hili baadaye.

Warumi hawakuishia kulitumia neno hili katika mazungumzo na mashairi. Walilifanya cheo. Kuanzia karne ya 2 baada ya Kristo, dola ilikuwa na mpangilio wa majina ya heshima yaliyofuata daraja za watumishi wake. Maseneta waliitwa "clarissimus", yaani mwenye kung'aa sana. Watumishi wa Kaisari waliotoka katika tabaka la wapanda farasi, lililofuata baada ya maseneta, walikuwa na ngazi zao: wakuu wa kikosi cha walinzi wa Kaisari waliitwa "eminentissimus", aliyechomoza kupita wote, waliowafuata waliitwa "perfectissimus", aliyekamilika, na mawakala waliosimamia fedha na mali za dola katika majimbo waliitwa "vir egregius", mtu aliyetukuka. Katika mawe yaliyochongwa maandishi enzi hizo, cheo hicho hufupishwa kwa herufi mbili, V na E, baada ya jina la mhusika. Cheo cha "egregius" kilikuja kupotea katika karne ya 4, pale vyeo vya juu zaidi vilipogawiwa watu wengi hadi kile cha chini kikakosa maana. Lakini msomaji atakayelikuta jiwe la aina hiyo, naye akawa ameshika kamusi ndogo ya Kiingereza inayotoa maana ya leo peke yake, atasoma kwamba ofisa huyo alikuwa mtu mbaya kupindukia, na kwamba ubaya wake ulichongwa kwenye jiwe kwa gharama ya wale waliompenda.

Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka kwa Virgil, mshairi wa Kirumi aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha 6 cha utenzi wake mkuu, Aeneid, shujaa wake Aeneas anashuka kuzimu, na huko baba yake anamwonyesha roho za Warumi watakaozaliwa. Miongoni mwao Aeneas anamwona kijana mzuri wa umbo, mwenye silaha zinazometa, lakini uso wake una huzuni. Huyo ni Marcellus, mpwa wa Kaisari Augustus, ambaye wasomaji wa kwanza wa utenzi huo walijua kwamba amekwisha kufa mwaka 23 kabla ya Kristo akiwa bado kijana mbichi. Neno ambalo Virgil amelichagua kumwelezea ni "egregium", kwamba umbo lake lilimtenga na wengine wote. Hakuna chembe ya dhihaka mahali hapo. Ni maombolezo, na aliyekuwa akiombolezewa ni mtoto wa nyumba ya mtawala.

Hata hivyo, mshairi huyo huyo, katika kitabu cha 4 cha utenzi ule ule, anatuonyesha mbegu ya yale yatakayotokea. Mungu wa kike Juno amegundua kwamba Venus na mwanawe Cupid wamemfanyia hila malkia Dido hadi amempenda Aeneas kwa wazimu. Anamwendea Venus na kumwambia maneno ambayo nayafasiri hivi: sifa iliyotukuka kweli mmejipatia, na nyara tele, wewe na mvulana wako, ikiwa mwanamke mmoja ameshindwa kwa ujanja wa miungu wawili. Neno linalofungua kauli hiyo ni "egregiam". Maana yake ya kamusi haijabadilika, bado ni iliyotukuka, lakini sauti ya msemaji imeligeuza ndani nje. Kwa hiyo wanaosema kwamba kejeli ya neno hili ni uvumbuzi wa Waingereza hawajasema kweli yote. Katika Kilatini kejeli ilikuwa mavazi ambayo neno liliyavaa kwa dakika moja na kuyavua. Katika Kiingereza mavazi yaligeuka kuwa ngozi.

Safari ya Kiingereza inaanza miaka ya 1530. Hiyo ilikuwa karne ambayo wasomi wa Uingereza waliingiza maneno ya Kilatini kwa wingi usio kifani, kiasi kwamba wenzao waliwalalamikia kuwa wanaandika lugha ya pembe ya wino, kwa kuwa wino wa wakati huo ulihifadhiwa katika pembe. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha cha mwaka 1553, aliukemea mtindo huo kwa ukali. "Egregious" liliingia kwa wimbi hilo, likiwa na maana yake kamili ya Kirumi. Christopher Marlowe, katika sehemu ya pili ya tamthilia yake juu ya Tamburlaine, iliyochapishwa mwaka 1590, anamfungua kinywa mfalme Orcanes kwa kuwaita maliwali wake "egregious", na hao ni watu wa upande wake, anaowahitaji vitani na anaowapa heshima zao. Mfalme hawezi kufungua baraza la vita kwa kuwatukana majemadari wake mwenyewe.

Miaka michache baadaye neno lilianza kuyumba, na Shakespeare ametuachia picha za kuyumba huko moja baada ya nyingine. Katika tamthilia ya Henry wa Tano, ya mwaka 1599, Pistol, askari mwenye majigambo mengi kuliko ujasiri, amemkamata Mfaransa na anamdai fidia "egregious". Fidia hiyo si njema wala si mbaya, ni kubwa tu, kubwa isiyo ya kawaida, na inapendeza kwamba neno la kisomi limewekwa kinywani mwa mtu apendaye maneno makubwa kuliko akili yake. Katika Othello, Iago anajisemea kwamba atamfanya bwana wake amshukuru, ampende na amtunze kwa kumfanya punda "egregiously", yaani punda wa kupigiwa mfano. Hapo bado kuna mzaha wa sifa: punda huyo amewapita punda wote. Halafu katika Cymbeline, ya karibu mwaka 1610, Posthumus anapogundua kwamba mke aliyeamuru auawe hakuwa na hatia, anajiita mwuaji "egregious", na pale mzaha umekwisha. Mtu huyo amevunjika moyo na analia kwa uchungu, naye anachotaka kusema ni kwamba katika kundi la wauaji wote waliopita, waliopo na watakaokuja, yeye amesimama peke yake. Kwa muda usiozidi sana miaka 20, kutoka Marlowe hadi Cymbeline, jukwaa la London lilisikia neno moja likitumika kuwaheshimu maliwali, kupima ukubwa wa fidia, kumcheka mdanganyika na kumlaani mwuaji.

Maana hizo hazikupokezana siku moja. Kwa muda mrefu ziliishi pamoja, na Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa mwaka 1755 aliziorodhesha zote mbili. Ya kwanza aliyoiweka ni aliyechomoza, wa ajabu, asiye wa kawaida. Ya pili ni mbaya kwa namna iliyochomoza, na chini yake akaongeza kwamba hiyo ndiyo maana ya kawaida. Ninauheshimu sana utaratibu huo wa Johnson. Alijua watu wa wakati wake wanalitumiaje, akalisema hilo waziwazi, lakini hakumnyima msomaji maana kongwe ambayo angeihitaji kila anapofungua kitabu cha karne mbili nyuma. Hicho ndicho nilichokikosa katika maelezo ya mchangiaji wako.

Kwa nini neno hili lilianguka, ilhali ndugu zake wamebaki juu? Chukua "excellent", ambalo ndilo kivumishi cha ubora kinachojulikana kuliko vyote. Limetokana na "excellere", kuinuka kupita wengine, na lina undugu na "celsus", yaani mrefu au aliyeinuka, na vilevile na "collis", kilima. Nalo lilijaribiwa na kejeli. Edmund, katika tamthilia ya Shakespeare ya King Lear, anauita upumbavu wa watu wanaosingizia nyota kwa maovu yao wenyewe kuwa ni upumbavu "excellent". Lakini jaribio hilo halikushika. Nadhani sababu ni kwamba "excellent" lilikuwa limeingia mapema, tangu karne ya 14 kupitia Kifaransa, na likawa neno la kila siku midomoni mwa kila mtu. Kila aliyelitumia kwa kejeli alizungukwa na mamia waliolitumia kwa dhati. "Egregious" halikuwa na ulinzi huo. Lilikuwa neno la wasomi, zito, lenye harufu ya vitabu, na neno la namna hiyo likishachekwa mara kadhaa jukwaani hakuna umati wa kulirudishia heshima yake. Zaidi ya hayo, picha iliyomo ndani yake ni ya kutoka kundini tu, wakati picha iliyomo ndani ya "excellent" ni ya kupanda. Kupanda kuna mwelekeo, na mwelekeo huo watu wengi huuona kuwa mwema. Kutoka kunaweza kuwa kwenda popote.

Kuna neno moja lililofanya safari ya kinyume kabisa, nalo ni "superb". Kilatini chake ni "superbus", kutokana na "super", juu, na maana yake ya kawaida ilikuwa mwenye kiburi, mwenye kujiweka juu ya wenzake. Mfalme wa mwisho wa Roma, ambaye kwa mapokeo ya Warumi alifukuzwa mwaka 509 kabla ya Kristo, aliitwa Tarquinius Superbus, na jina hilo lilikuwa shutuma. Sasa rudi katika kile kitabu cha 6 cha Virgil. Mistari minane tu kabla ya Marcellus kutokea, baba yake Aeneas anawausia Warumi wa baadaye kwamba kazi yao ni kuwahurumia waliojisalimisha na kuwaangusha "superbos", wenye kiburi. Minane tu. Mstari mmoja una neno la kulaani, mwingine una neno la kusifu, na katika Kiingereza cha leo yamebadilishana viti: "superb" ni chakula kitamu, wimbo mzuri, kazi iliyofanywa kwa ustadi, na "egregious" ni kosa lisilosameheka. Mwanafunzi anayekisoma Kilatini kwa kubahatisha kutokana na Kiingereza chake atakielewa kifungu hicho kichwa chini miguu juu, na hatagundua kosa lake kwa kuwa kila neno litaonekana kana kwamba analijua.

Lugha nyingine zilizorithi neno hili hazikulifuata Kiingereza. Mwitaliano akiandika barua rasmi kwa mtu asiyemfahamu vizuri huanza kwa "Egregio Signore", na hiyo ni adabu ya kawaida ya ofisini. Katika Kireno, mawakili wanaoandika kwa mahakama za juu huiita mahakama "egrégio tribunal", na hakuna jaji anayekasirika. Katika Kihispania pia "egregio" ni aliyetukuka. Kwa hiyo hata mtu asiyejishughulisha na mambo ya kale anaweza kunaswa na mtego huu, ikiwa anafasiri barua iliyoandikwa leo asubuhi na Mwitaliano kwa kuipitishia kwanza katika Kiingereza.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba Waingereza na Wamarekani wa leo wanalikosea neno lao. Wapo wapenda asili ya maneno wanaofikiri kwamba maana ya kwanza ndiyo maana ya kweli milele, na kwamba wote waliokuja baadaye wamepotoka, na nao siungani nao. Maana ya neno ni ile wanayokubaliana wasemaji wake kwa wakati wao. Leo, hakimu anayeandika kwa Kiingereza kwamba ofisa fulani alitenda kosa "egregious" anamaanisha kosa la wazi mno, la kushtua, ambalo hata mtu asiye mtaalamu angeliona. Na ukimwita mwalimu wako hivyo katika hotuba ya kumuaga, kwa kutegemea kwamba atakumbuka Kilatini, utakuwa umemfedhehesha mbele za watu. Ile maana njema imekufa katika Kiingereza kinachosemwa. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba haikuwahi kuishi.

Ninasema haya nikiwafikiria hasa wanaofasiri kwa Kiswahili, kwa sababu sisi tuna maneno ya kutosha kwa pande zote mbili na hatuna sababu ya kulazimisha moja lifanye kazi ya mengine. Kwa maana ya Kirumi na ya Kiingereza cha kale, "mteule" linakaribia sana, kwa kuwa nalo limebeba kitendo cha kuchagua mmoja katika wengi. "Aliyetukuka" linafaa kwa cheo. "Asiye na kifani" linafaa kwa uzuri wa Marcellus. Kwa Kiingereza cha leo, "kosa la kupindukia" au "kosa la wazi lisilovumilika" hutosha katika hukumu na taarifa. Kwa ile hatua ya katikati, ya Iago na Posthumus, ambapo ubaya unapimwa kwa kipimo cha ubingwa, napendekeza "aliyekubuhu": mwongo aliyekubuhu, mwuaji aliyekubuhu. Neno hilo lina ile ladha ya mtu aliyefikia daraja ya juu katika jambo lisilofaa, na mfasiri akilitumia hapo hatapoteza chochote.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wako wa lugha unasomwa na walimu, na ninajua kwamba vipande vyake hukatwa na kubandikwa madarasani. Utakaporudi kwenye neno hili, naomba zichapishwe maana zote mbili kwa mpangilio wa wakati, ile ya sifa kwanza, ikifuatwa na maelezo kwamba tangu mwisho wa karne ya 16 neno lilianza kuelekea kwenye ubaya na kwamba leo halitumiki vinginevyo katika Kiingereza. Naomba pia neno "superb" lifuate katika toleo hilo hilo, ili msomaji aone safari mbili zikipishana njiani. Na kwa mchangiaji wako, ambaye kazi yake naisoma kwa faida kila inapotoka, naomba ayarejee yale maandishi ya zamani aliyoyatolea hukumu, ayatazame tarehe zake, na ikiwa yaliandikwa kabla ya mwaka 1600, ayasome upya kama yalivyokusudiwa na walioyaandika.

Wako katika kuitumikia lugha,
Msomaji wa siku nyingi